Miaka minane nyumbani, sasa nataka kurudi darasa la awali

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Nina siku chache tu za kumpa mtu jibu, kwa hiyo naomba niende moja kwa moja.

Nina miaka 41, nina watoto watatu, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nilisomea ualimu wa elimu ya awali ngazi ya cheti katika chuo kimoja cha mkoa huu huu, nikamaliza 2008. Nimefundisha shule mbili za binafsi, ya mwisho ikiwa ya mchepuo wa Kiingereza. Nilikuwa mwalimu wa bebi klasi, na bila kujisifu, kuna wazazi waliokuwa wanamwomba mwalimu mkuu watoto wao wapangwe kwangu.

Mwaka 2017 nilipata mimba ya pili, ikawa ya shida, kulazwa na kutoka. Mkataba wangu ukaisha mwaka uliofuata nikiwa likizo ya uzazi, na hawakunipa mwingine. Sikugombana nao. Kabla sijakaa sawa, mama mkwe akapata kiharusi kule Mpwapwa, tukamleta kwetu. Mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee aliye karibu, na kwa kuwa yeye yuko kazini Mtumba, kule kwenye mji wa Serikali, kutwa nzima, mgonjwa alikuwa wangu. Nimemuuguza mpaka alipofariki mwaka jana. Hapo katikati akazaliwa huyu wa tatu, sasa ana miaka mitatu.

Mwezi wa kwanza nilijikaza nikaenda kuomba kazi shule moja upande wa Ilazo. Mwalimu mkuu ni kijana, ningeweza kumwita mdogo wangu. Akaangalia vyeti, akaniuliza, "Miaka minane yote hii ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa nyumbani tu. Akaandika kitu. Halafu akanipeleka darasani nifundishe somo la mfano. Nikafanya nilivyozoea: nikaandika irabu ubaoni, nikawaimbisha watoto. Sikufika hata nusu ya kipindi akasema, "Inatosha, mama." Nilipanda bajaji nalia, dereva akawa ananiuliza kama nimefiwa.

Sasa kuna dada mmoja mtaani kwetu ana kituo cha kulelea watoto. Yuko tayari kunichukua kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, kuanzia saa 12:30 asubuhi mpaka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Amesema kwa muda niliokaa nyumbani hawezi kunipa ualimu, nitaanza kama dada wa watoto, mambo ya mkataba tutaangalia mbele ya safari. Ila ameniambia naweza kwenda na mwanangu bure. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini amepiga hesabu: msichana wa kazi 80,000, bado chakula chake, na kwa kuwa kutwa sitakuwepo lazima awepo mtu wa kupokea hao wakubwa wakitoka shule. Anasema mshahara wote utaishia hapo, bora nikae nilee mwanangu. Nikilalamika anasema basi tukope benki tufanye vyumba vya uani kuwa shule yangu mwenyewe. Wifi yangu naye anasema nisihangaike, nisubiri ajira za serikali. Naogopa umri. Na vyeti vyangu vina jina la baba, wakati kitambulisho cha NIDA kina jina la mume.

Niichukue hiyo kazi? Cheti cha 2008 bado kina thamani? Nifungue changu? Na kama nitakuwa kazini na mwanangu yupo hapo hapo, ni vizuri kwake?

Mama Salome, Nzuguni

JIBU

Marahaba, Mama Salome. Pole kwa kumpoteza mama mkwe, na pole kwa uuguzi.

Nianze na jibu ulilompa yule mwalimu mkuu, kwa sababu lilikuharibia siku kabla hujashika chaki. Swali lake halikuwa tusi. Mtu wa kuajiri akiona pengo la miaka minane anaogopa mambo mawili: kwamba uliondoka kwa utoro, kesi au ugomvi na mzazi, na kwamba utaondoka tena mwezi wa tatu mtoto wako akiugua. Ulipomwambia ulikuwa nyumbani tu, ulimwachia ajaze mwenyewe. Safari nyingine mjibu hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mkataba wangu uliisha 2018 nikiwa likizo ya uzazi. Baadaye nilimuuguza mama mkwe aliyepata kiharusi, amefariki mwaka jana. Jukumu hilo limekwisha, na mwanangu mdogo ana mahali pa kukaa nikiwa kazini." Kisha nyamaza, subiri swali linalofuata. Usiombe radhi. Wala usifuate wale wanaofundisha siku hizi kuandika kwenye wasifu kwamba kuuguza na kupika ni "usimamizi wa rasilimali". Walimu wakuu wanacheka hizo karatasi ukishatoka. Andika miaka na sababu kwa mstari mmoja, basi.

Sasa somo la mfano. Hapo sitakubembeleza: yule kijana alikuwa na sababu ya kusema inatosha, ingawa angeweza kukuacha umalize kipindi. Kuandika irabu na kuimbisha halikuwa jambo lililotakiwa hata na mtaala wa 2016, ambao ulikuwepo ukiwa bado kazini. Shule nyingi za binafsi ziliendelea nalo kwa sababu mzazi analipa ada na anataka kuona daftari limejaa. Mtaala wa 2023, ulioanza kutumika kwenye madarasa ya awali Januari 2024, umesukuma zaidi upande wa michezo na vitendo. Huo ndio upungufu wako. Hauna uhusiano na umri wala uwezo, na unazibika kwa muhula mmoja.

Chukua namba 4. Mwalimu wa zamani anaanza ubaoni. Wewe anzia mkekani. Watoto wamekaa vikundi vikundi, kila kikundi kina vizibo vya soda, mbegu za ubuyu au punje za mahindi. Unasema, "Nani atanipa mbegu nne?" Mmoja atakuletea tatu, mwingine kiganja kizima. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Unamwambia yule wa tatu, "Hebu hesabu tena nikuone," na unatazama kidole chake, kwa sababu watoto wengi wa miaka mitano wanataja moja, mbili, tatu, nne vizuri kabisa huku kidole kimeruka mbegu moja au kimegusa moja mara mbili. Mtoto huyo anajua wimbo wa namba, kuhesabu bado. Ukimwimbisha darasa zima hutamgundua hata mwaka uishe. Kisha watoke nje waruke mara nne, warudi darasani waende kona ya duka la kuchezea watafute vitu vinne. Umbo la 4 linakuja mwisho, kwa kidole kwenye mchanga, na mchanga Dodoma hatununui. Kipindi ni kama dakika 20, kwa hiyo usipange mambo sita. Tena ukipewa wa miaka mitatu weka vizibo vikubwa peke yake. Mbegu zinaingia puani na siku yako inaishia zahanati.

Kwa herufi ni vilevile. Anza na sauti ambayo mtoto anaisikia mwanzoni mwa neno analolijua, mama, maji, mahindi, ndipo umwonyeshe herufi. Na mwalimu mkuu aliyesimama nyuma ya darasa anaangalia kitu kimoja zaidi ya vyote: macho yako yako ubaoni au kwa watoto. Miaka niliyofanya uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, hilo lilinitosha kujua nimeingia darasa la namna gani kabla sijafungua andalio la somo. Barua yako inasema wazazi walikuwa wanakuomba wewe. Mzazi haombi mwalimu kwa sababu ya irabu. Anaomba kwa sababu mtoto wake haogopi kumwambia mwalimu huyo kwamba amejikojolea. Hilo halikwisha.

Namna ya kuziba pengo: ingia kwenye tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania, pakua mtaala na muhtasari wa elimu ya awali. Ni bure, simu inatosha. Ukiona maneno mengi usiogope, soma kwanza jedwali la shughuli za mtoto, utajikuta unatikisa kichwa kwamba haya nayajua. Halafu nenda shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nawe, siku ya utulivu, si Jumatatu asubuhi, umwombe mwalimu mkuu akuruhusu ukae darasa la awali asubuhi kwa muhula mmoja umsaidie mwalimu aliyepo. Peleka barua na nakala ya cheti. Nadhani hatakukatalia. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179, na Nzuguni yako ni miongoni mwa sehemu zilizopokea watu hao. Kiwango cha taifa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na wewe mwenyewe ukipita dirishani utaona kama kinafuatwa. Omba pia ukae kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo walimu hukaa hapo hapo shuleni wakijadili masomo yanayowasumbua. Usione aibu ukimwona binti wa miaka 26 anatumia kishikwambi. Serikali iligawa kwa walimu vile vilivyotumika kwenye sensa, naye kuna siku alikuwa hajui pa kubonyeza.

Muhula ukiisha ondoka na barua ya mwalimu mkuu inayosema ulifanya nini na lini. Hapo pengo lako litakuwa limefungwa na kitu cha mwaka huu. Ukiwa unajua Kigogo, kitaje kwenye wasifu. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini ukienda Chamwino au Bahi utawakuta watoto wanaoanza shule na Kigogo kamili na Kiswahili cha kuunga, na mwalimu anayeweza kumtuliza mtoto kwa lugha ya bibi yake anaokoa wiki za kilio.

Cheti cha 2008 hakijafa. Kinachoweza kukukwamisha ni jina, na hili ningelifanya kabla ya yote hayo. Ajira za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, unajisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni, kwa namba ya NIDA na unapandisha vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Majina yakitofautiana, utazuiwa mlangoni siku ya usaili hata kama umefaulu mchujo. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Matangazo yakitoka huwa yanatoa siku chache, na watu kila mara wanakimbizana na mawakili usiku. Wewe uwe umeshamaliza.

Wifi yako anaposema subiri, yuko nusu sahihi. Omba, ndiyo. Kusubiri bila kufanya kitu, hapana. Matangazo mengi ya utumishi wa umma yanataka mwombaji asizidi miaka 45, kwa hiyo una nafasi chache, na soma kila tangazo uone linataka ngazi gani ya elimu. Mjadiliane na mzee pia kabla hujabonyeza kutuma, kwa kuwa kituo cha kazi kinaweza kuwa Manyoni au Kiteto, na yeye yuko Mtumba. Mazungumzo hayo ni mepesi kabla ya barua ya ajira kuliko baada yake.

Sasa nije kwa dada mwenye kituo, maana ndiye anayekuharakisha.

Kwa masharti hayo, usiichukue. Sisemi hivyo kwa sababu kulea wa miaka miwili hadi minne ni kazi ya chini. Ukiniuliza mimi, ndiyo umri unaohitaji mwalimu mzuri kuliko wote, na mwenye kufikiri kwamba hapo anatosha mtu yeyote wa kuwafuta kamasi hajawahi kukaa nao hadi saa tano. Tatizo ni kwamba anachukua mwalimu mwenye cheti, anampa jina la dada wa watoto, anamlipa chini, na wazazi watakapouliza atawaambia pale kuna mwalimu aliyesomea. Wewe utakuwa umekubali kwa shukrani, na mtu aliyeingia kwa shukrani hapandi cheo. Mwaka kesho ukiomba kazi kwingine, utaulizwa kazi yako ya mwisho ilikuwa nini.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kuanzia 12:30 asubuhi hadi 11:00 jioni ni saa kumi na nusu; hata ukitoa saa moja ya mapumziko, ambayo sidhani utaipata watoto wakiamka usingizini, bado umevuka. Saa za ziada hulipwa moja na nusu ya kawaida. Masharti ya kazi lazima yaandikwe, hayasubiri mbele ya safari. Serikali hutoa pia amri ya kima cha chini cha mshahara yenye kundi la shule binafsi, zikiwemo za awali. Pita kwa afisa kazi umwulize kiwango cha sasa, uende ukiwa unakijua.

Lakini usimkatalie. Rudi kwake, mnywe chai, umwambie: nitakuja kama mwalimu, mkataba wa mwaka mmoja wa maandishi, kipindi cha majaribio miezi mitatu, saa zangu zianze moja na nusu ziishie tisa na nusu, michango ya NSSF iwe inakwenda, na nitakupangia ratiba ya siku na kona za kujifunzia ambazo kituo chako hakina. Mshahara mjadili mwishoni, baada ya hayo yote. Akisema hawezi saa hizo, mwambie atafute mtu wa kupokea watoto wa alfajiri. Anaye tayari, ndiye anayewapokea leo. Pia omba akuonyeshe cheti cha usajili. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kupitia ustawi wa jamii, na vingine vimeota uani bila mtu kujua. Kama hana, achana naye hata akikupa laki tatu. Siku mtoto akianguka, atakayeulizwa ni mtu mzima aliyekuwa chumbani, na huyo ni wewe.

Hesabu ya mumeo nimeitazama kwa makini, kwa sababu ndiyo inayowarudisha nyumbani wanawake wengi wenye vyeti. Kosa lake la kwanza ni kutoa msichana wa kazi kwenye mshahara wako peke yako. Hao watoto wana wazazi wawili. Toa 40,000 kwako na 40,000 kwake, halafu mwangalie tena kilichobaki. Pia ana hesabu ya mwezi huu, hana ya uzeeni kwako. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukiwa na miaka 41 na kustaafu kwa lazima ni 60, bado unaifikia na ziada. Ukisubiri mpaka mdogo wenu aingie darasa la kwanza, na baada yake pakatokea jambo jingine kama yanavyotokea, ukaanza na 45, una miezi 180 kamili, bila kuugua wala kukosa kazi hata mwezi mmoja. Nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya zamani uangalie shule zile mbili zilichangia kiasi gani. Kama hukuzichukua, miezi ile inahesabika, na huenda una mtaji ulioutelekeza. Chapisha taarifa hiyo umwekee mezani baada ya chakula cha jioni. Wanaume wa Mtumba wanaelewa karatasi.

Kufungua chako: bado. Mkopo wa benki juu ya vyumba vya uani, na wewe hujakaa darasani miaka minane, ni kujenga paa kabla ya msingi. Kuna na jambo ambalo watu wanalichanganya sana hapa mjini. Kituo cha kulelea watoto mchana na shule ya awali ni vitu viwili. Kituo kinapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, atakuja kuangalia vyumba, vyoo vya watoto, maji, uzio, walezi wamesomea nini na afya zao. Shule ya awali ni ya Kamishna wa Elimu, kwa hatua zake: kibali cha kuanzisha, kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja, ndipo usajili. Ukipaka ukuta rangi za katuni ukaandika shule wakati una kibali cha kituo, au huna chochote, mthibiti ubora atakufungia katikati ya muhula na wazazi watataka ada zao. Fanya kazi kwa mwingine kwanza mwaka mmoja au miwili, ukijifunza kwa hela zake bei ya uji, nani halipi ada na kwa nini walezi wanaacha. Ukifika wakati, kabla ya benki ulizeni halmashauri juu ya mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba kwa vikundi. Asilimia 4 ni ya wanawake. Tafuta wenzako wanaoaminika, maana mkopo wa kikundi unalipwa na kikundi.

Shule za mchepuo wa Kiingereza nazo zipo, na zinalipa vizuri kidogo. Kama Kiingereza chako kimeshika kutu, soma kwa sauti hadithi za watoto, msomee huyo wa miaka mitatu kila usiku. Hutakiwi kuongea kama mtangazaji. Unatakiwa useme maagizo mafupi yaliyo sahihi, kwa sababu watoto wataiga hata makosa yako.

Kuhusu mwanao kukaa kituo unachofanyia kazi: inawezekana, kwa sharti kwamba asiwe kwenye chumba chako. Mtoto wa miaka mitatu akimwona mama yake anambeba mwingine atalia, wewe utambeba yeye, na yule mwingine atalia. Wenzio nao wataanza kusema unampendelea, hata kama unamnyima. Kama kituo kina chumba kimoja tu, mwanzoni mwache na msichana nyumbani, mzoeshe kituo kingine asubuhi chache kwa wiki, na nafasi ile ya bure uiombe igeuzwe hela kwenye mshahara. Mwenye kituo akisema hiyo haiwezekani kwa kuwa nafasi ya mtoto haimgharimu kitu, utakuwa umejua pia kwamba hakuwa amekupa kitu.